Ndege Ndogo ya Rimoti: Ipi ya Kununua Kwanza kwa Mchezo wa Usahihi?



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mikataba, mabuti ya kazi na dawa za kunyunyizia. Leo tunazungumza juu ya mchezo. Mfanyakazi ana haki ya kupumzika, na siku yake ya mapumziko ni mali yake. Lakini mchezo huu hugharimu fedha, na fedha ya mfanyakazi haikuokotwa njiani. Ndiyo maana tumeona yafaa kueleza jambo hili taratibu, ili anayetaka kuingia aingie macho yakiwa wazi.

Baadhi ya wenzetu vijana wameona picha za ndege ndogo zinazoendeshwa na mtu aliyesimama chini akiwa na rimoti mkononi. Ndege hupanda wima, hupiga vitanzi angani, huruka chali kama samaki aliyekufa, kisha hutua taratibu. Wanatuuliza: tununue ipi? Tena ya bei nafuu?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kukiri yaliyotupata sisi wenyewe. Tulikuwa watano: wawili wa karakana, mmoja wa bohari na wawili wa shamba la chai. Tulicheza upatu wa fedha za ovataimu kwa miezi minane. Tukanunua ndege kubwa ya mkono wa pili kutoka kwa mtu mmoja mjini, mabawa yake karibu mita mbili, imepakwa rangi nyekundu na nyeupe, inang'aa. Tuliipenda kwa sababu ilifanana na ndege za mabingwa. Jumapili ya kwanza ilikaa hewani dakika mbili. Ilipogeuka kule mbali, mwenzetu aliyeshika rimoti hakujua tena kama inakuja au inakwenda. Alivuta upande usiofaa, ikaingia ardhini kwa pua. Tulirudi nyumbani na miezi minane ndani ya gunia.

Siku hiyo tuliulaumu upepo. Baadaye tukaona kwamba upepo haukuwa na hatia. Tulikosea pale tulipochagua, na hayo tuliyojifunza ndiyo tunayoyaandika hapa.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Ziko namna nyingi za kurusha ndege ndogo. Wengine wanapenda mbio, wengine wanapenda ndege zisizo na injini zinazoelea hewani. Mchezo wa usahihi ni tofauti. Humo mrushaji hupewa orodha ya maumbo, naye huyachora angani moja baada ya jingine: kitanzi kilicho duara kamili, kubingirika bila kushuka wala kupanda, mstari wa wima, nane iliyolala, kugeuka kwa usukani ndege ikiwa imesimama kileleni. Waamuzi hukaa nyuma yake na kila umbo hulipa alama kati ya 0 na 10. Umbo gumu alama zake huzidishwa zaidi kuliko umbo jepesi.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, lililoanzishwa mwaka 1905, limeuwekea mchezo huu daraja liitwalo F3A. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Uswisi mwaka 1960, akashinda Mmarekani Ed Kazmirski kwa ndege aliyoiita Orion. Mwaka 1977 mashindano yalifanyika Springfield katika jimbo la Ohio, akashinda Hanno Prettner wa Austria kwa ndege yake Curare. Ndege ya daraja hilo haipaswi kuzidi mita 2 kwa urefu, mita 2 kwa upana wa mabawa, na uzito wa kilo 5.

Angalieni namna waamuzi wanavyokata alama. Mstari uliopaswa kuwa wima ukiinama kwa nyuzi 15, alama moja inaondoka. Tena mrushaji hawezi kuzurura mbinguni apendavyo. Anaruka umbali wa kama mita 150 mbele yake, ndani ya dirisha la nyuzi 60 kushoto, nyuzi 60 kulia na nyuzi 60 kwenda juu.

Kwa mfanyakazi hili si jambo geni. Mchumaji wa chai anajua kwamba kinachotakiwa ni majani mawili na kichipukizi. Fundi wa mashine ya kukereza vyuma anajua kwamba kipande kilichozidi unene wa unywele kinarudishwa. Mchezo huu ni kazi ya namna hiyo, ila unaifanya kwa hiari yako na hakuna mnyapara.

NDEGE YA KWANZA HUJA BAADA YA NYINGINE

Neno la kwanza tunalotaka likumbukwe ni hili: ndege ya kwanza ya mchezo wa usahihi haipaswi kuwa ndege ya kwanza maishani mwako. Kabla yake lazima ujue kupaa, kugeuka pande zote mbili, kurudi na kutua bila kutetemeka.

Ndege ya kujifunzia ina bawa juu ya kiwiliwili, na ncha za bawa zimeinuka kidogo. Tumbo la bawa ni bapa na mgongo wake umevimba. Umbo hilo huifanya ijirudishe yenyewe ikiinama. Ukiachia vijiti vya rimoti, inanyooka. Hilo ni jema kwa anayeanza, lakini ni kikwazo kwa mchezo wa usahihi. Ndege inayotaka kujinyoosha daima haitakubali kukaa chali, wala haitakubali kuruka kwa ubavu. Inapigana na mikono yako.

Kujifunza kwenyewe kunaweza kufanyika kwa gharama ndogo sana. Siku hizi kuna programu za kompyuta na za simu zinazoiga urukaji, na baadhi yake, kama PicaSim na CRRCSim, hazilipishwi. Rimoti nyingi za sasa huunganishwa na kompyuta kwa waya, ukajizoeza kwa vijiti vile vile utakavyovitumia uwanjani. Ndege ya kwenye kioo ikianguka mara 100 hupotezi hata senti. Sisi tungalitumia mwezi mmoja tu kwa namna hiyo, ndege yetu nyekundu ingalikuwa hai. Ule mchanganyiko wa kutojua kama ndege inakuja au inakwenda huponywa kwa mazoezi, na mazoezi ya kwenye kioo yanatosha kuuponya.

SURA INAYOFAA

Sasa tuseme umekwisha kujua kurusha. Ndege unayoitafuta iwe na dalili hizi.

Kwanza, bawa lenye tumbo na mgongo sawa. Ukilitazama kutoka ubavuni, nusu ya juu ifanane na nusu ya chini. Bawa la namna hiyo hubeba ndege chali kama linavyoibeba ikiwa wima.

Pili, bawa lipite katikati ya kiwiliwili au karibu na hapo, na ncha zake zisiinuke sana. Bawa, mkia na injini vielekee njia moja. Kukiwa na tofauti kubwa ya mwelekeo kati yao, kila ukiongeza moto ndege itainua pua au kuizamisha.

Tatu, mkia uwe mbali kidogo na bawa. Ndege fupi ina hasira. Ndege yenye kiwiliwili kirefu hutulia katika mstari.

Nne, mapezi yake yawe makubwa kiasi, yaani yale ya bawa, ya mkia na usukani. Lakini tusidanganywe na ndege zenye mapezi makubwa kupita kiasi, zile zilizotengenezwa kuning'inia hewani kwa pua juu na kucheza kama mlevi. Huo ni mchezo mwingine, na ndege zake si nzuri kwa kufundisha mstari ulionyooka.

Wala uzuri wa rangi usituchukue. Yuko Mmarekani mmoja, Phil Kraft, aliyekuwa na kiwanda cha rimoti huko California na aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1967 kwa ndege yake Kwik Fli. Bingwa huyo huyo alichora ndege nyingine ya mbao yenye kiwiliwili kama sanduku, injini iko nje, bawa limenyooka kama ubao. Aliiita Ugly Stik, maana yake fimbo yenye sura mbaya. Lakini bawa lake lilikuwa na tumbo na mgongo sawa, na mtu wa kawaida aliweza kuijenga na kuitengeneza mezani kwake. Watu wengi sana katika nchi nyingi walijifunzia michezo ya angani kwa fimbo hiyo. Joe Bridi naye, Mmarekani vile vile, alichora ndege iitwayo Kaos, yenye mabawa ya karibu mita moja na nusu, nayo ikawa ngazi ya wengi waliotaka kufikia mashindano. Basi hata walioshinda dunia nzima hawakuona aibu kutengeneza ndege nyepesi kujengwa.

UKUBWA NA UZITO

Ndege ndogo sana, ya mabawa ya sentimita 60 au 70, ni rahisi kununua lakini upepo huichezea kama karatasi. Ndege ya mita mbili huruka vizuri mno, lakini ya mashindano iliyokamilika hugharimu maelfu ya dola za Marekani. Kwa anayeanza tunaona mabawa ya kati ya mita 1.1 na mita 1.5 yanatosha. Inaonekana vizuri ikiwa mbali, inastahimili upepo wa kadiri, na inaweza kubebwa ndani ya basi.

Uzito tuupime kwa hesabu. Chukua urefu wa mabawa yote mawili, zidisha kwa upana wake wa wastani. Tuseme sentimita 128 mara 25, tunapata 3,200. Gawanya kwa 100, yaani vipande vya mraba vya sentimita 10 kwa 10, tunapata 32. Ikiwa ndege pamoja na betri ina gramu 1,400, basi kila kipande kinabeba gramu 44 hivi. Hiyo ni hali njema kwa ukubwa huo. Ikiwa ndege ile ile ina gramu 2,000, kila kipande kinabeba gramu 62 na nusu. Ndege hiyo itatua kwa kasi na kuanguka ghafla ukiipunguzia mwendo. Muuzaji asiyejua uzito wa ndege yake aambiwe ailete mizani.

POVU AU MBAO?

Ndege za bei nafuu siku hizi nyingi ni za povu gumu linalomiminwa kiwandani katika kalibu. Wema wake ni kwamba likivunjika linaungwa kwa gundi jioni hiyo hiyo, na kesho linaruka. Ubaya wake ni kwamba hupinda likiachwa juani au ndani ya gari lililofungwa, na bawa refu la povu hunesa ndege ikivutwa kwa nguvu. Chagua lile lenye bomba la kaboni ndani ya bawa.

Ndege za mbao hutengenezwa kwa mti uitwao balsa. Ndugu zetu wa mashamba watapenda kujua kwamba mti huu nao ni zao la mashamba. Sehemu kubwa ya balsa ya dunia hutoka Ecuador, na nyingine hutoka Papua New Guinea. Hukua upesi, huweza kuvunwa baada ya miaka minne hadi sita, na mbao yake ni nyepesi kuliko nyingi tunazozijua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitumiwa katika ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Mosquito. Siku hizi hujazwa ndani ya mapanga ya mitambo mikubwa ya umeme wa upepo, na mwaka 2020 mahitaji ya mitambo hiyo yalipanda hata bei ya balsa ikapanda nayo. Hivyo mchezaji wa ndege ndogo hugombania mbao na viwanda vya umeme.

Mbao haikunji, kwa hiyo ndege yake ni sahihi zaidi. Lakini ikianguka, matengenezo yake ni kazi ya useremala na subira. Shauri letu: kama hujui kazi ya mbao na huna pa kununua balsa, anza na povu. Kama wewe ni seremala, na mnao mahali pa kufanyia kazi, ndege ya mbao ya kujijengea itakupa mengi zaidi kwa fedha zako.

INJINI

Hadi miaka ya 1980 karibu ndege zote za mchezo huu zilitumia injini ndogo zilizochoma spiriti ya methanoli iliyochanganywa na mafuta. Kelele ilikuwa nyingi, na mafuta yake lazima yaagizwe. Leo katika mashindano makubwa umeme ndio uliotawala, na kwa mfuko wetu umeme ni nafuu zaidi.

Kipimo chepesi ni wati 250 hadi 350 kwa kila kilo ya ndege. Ile yetu ya mfano, kilo 1.4, tukiipa wati 300 kwa kilo, inahitaji wati 420. Kwa betri ya seli nne yenye volti 14.8, hiyo ni ampea 28 au 29. Basi kidhibiti mwendo cha ampea 40 kitafanya kazi bila kuungua. Nguvu ya mvuto wa panga la mbele izidi uzito wa ndege, la sivyo mstari wa wima utaishia njiani. Betri ya milliampea 2,200 itakupa dakika tano hadi saba hivi, maana moto kamili hautumiki muda wote.

Betri hizi za lithiamu ziheshimiwe. Seli moja ikijaa huwa na volti 4.2. Usiishushe chini ya volti 3.3. Ukiiweka kwa siku nyingi, iache na volti 3.8 hivi. Usiichaji ukiwa umelala wala ukiwa umetoka, na usiichaji karibu na godoro au pazia. Iliyovimba au kupasuka haifai tena. Ikiwaka moto, moto wake ni mkali na chumba cha mfanyakazi ni kimoja.

RIMOTI NA VIMOTA VYA MAPEZI

Hapa ndipo wengi wanapojaribu kubana fedha mahali pasipofaa. Ndege itavunjika siku moja, lakini rimoti itabaki na kutumika na ndege ya pili na ya tatu. Tafuta yenye angalau njia sita na kumbukumbu ya ndege kadhaa. Iwe ya masafa ya gigahezi 2.4. Rimoti kuukuu za zamani zilitumia masafa ambayo watu wawili wakiwasha namba moja kwa pamoja, ndege zote mbili hupotea. Siku hizi ziko rimoti nzuri za bei ya chini ya dola 100 za Marekani, na kwa anayeanza zinatosha kabisa.

Kila pezi huvutwa na kimota kidogo kiitwacho sevo. Usahihi wa ndege hauwezi kuzidi usahihi wa sevo zake. Jaribu hivi: washa kila kitu, shika pezi kwa vidole viwili, litikise. Likilegea, ndege haitashika mstari hata mrushaji awe bingwa. Mara nyingi dawa yake si sevo mpya, bali ni kiungo kilichochakaa au tundu lililopanuka, na hiyo ni kazi ya nusu saa.

Ndege nyingi za povu siku hizi huuzwa na kifaa cha kujisawazisha, kinachorekebisha ndege yenyewe ikisukumwa na upepo. Kinasaidia siku za kwanza. Lakini katika mashindano ya F3A hakiruhusiwi, tena kinaficha makosa yako na makosa ya ndege. Usikilipie zaidi, na kama kipo, uweze kukizima.

HESABU YA FEDHA

Bei iliyoandikwa kwenye sanduku si gharama ya ndege. Tuandike yote kabla ya kutoa hata shilingi moja:

1. Ndege yenyewe, na kama sevo na mota vimo au havimo.
2. Rimoti na kipokezi chake.
3. Betri mbili kwa uchache.
4. Chaja inayosawazisha seli.
5. Mapanga ya mbele ya akiba, yasiyopungua matatu.
6. Gundi, utepe na vifaa vidogo.
7. Usafirishaji na ushuru. Betri za lithiamu zina masharti katika usafiri wa ndege, nayo huongeza gharama.

Kanuni tuliyojiwekea sisi ni hii: kwa kila shilingi 100 tulizo nazo, ndege yenyewe isile zaidi ya 50. Nyingine zigawanywe kati ya rimoti, betri na akiba ya matengenezo. Tena tuna swali moja la mwisho, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Ndege hii ikivunjika kesho, je, karo italipwa, chakula kitanunuliwa, na Jumapili nyingine bado nitaweza kurusha? Ikiwa jibu ni hapana, hiyo si ndege ya kwanza, hata iwe nzuri namna gani. Mtu anayeogopa kuvunja ndege yake hatathubutu kuishusha chini ikiwa chali, wala kurudia umbo lililomshinda. Basi hatajifunza. Ndege unayoimudu kuivunja ndiyo itakayokufundisha.

Wala tusichukue mkopo kwa ajili ya mchezo. Mkopo wa chama cha akiba ni wa nyumba, shule na ugonjwa.

YA MKONO WA PILI

Ndege iliyotumika inaweza kuwa bahati njema, mradi itazamwe kama tunavyotazama baiskeli kuukuu. Tazama ubao wa mbele unaoshika mota, kama una nyufa. Ikiwa iliwahi kutumia injini ya mafuta, bonyeza mbao za pua. Zilizolowa mafuta huwa laini na gundi haizishiki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ndege yetu nyekundu, nasi hatukubonyeza. Simama nyuma ya mkia ufumbe jicho moja, utazame kama mabawa na mkia vimelala sambamba. Bawa lililojipinda litaibingirisha ndege bila kuambiwa. Zungusha kila sevo polepole usikilize kama kuna jino lililovunjika. Na betri kuukuu usizihesabu katika bei, ziwe kama hazipo.

SIKU YA KWANZA UWANJANI

Kabla ya kuruka, pima uzani. Inua ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, mahali palipoelezwa katika karatasi yake. Ikilala sawa, ni vyema. Ikiwa hewani, ipandishe kwa mteremko wa nyuzi 45, uigeuze chali, uachie kijiti. Ikiinamisha pua haraka kuelekea chini, pua ni nzito, basi rudisha betri nyuma kidogo. Ikijiinua yenyewe, mkia ni mzito. Rekebisha kidogo kidogo.

Kisha usikimbilie vitanzi. Kwa siku kadhaa ruka mstari mmoja tu, sambamba na uwanja, urefu ule ule, kwenda na kurudi. Ndipo uingie chali kwa mstari huo huo. Ndipo kitanzi kimoja. Mwenzako asimame nyuma yako akuambie anachokiona, maana mwenye kijiti hujipendelea.

RUHUSA NA USALAMA

Katika nchi zetu chombo kinachoruka bila rubani kina sheria zake. Rwanda ilitoa kanuni zake mwaka 2016, na Kenya mwaka 2020. Kabla ya kununua, hasa kabla ya kuagiza kutoka nje, ulizeni mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yenu kama ndege ya namna hii yaruhusiwa, wapi, na kwa karatasi gani. Ndege iliyozuiliwa forodhani ni hasara sawa na iliyoanguka. Msirushe karibu na kiwanja cha ndege, kambi ya jeshi, nyaya za umeme wala juu ya watu. Mwenye shamba naye aombwe ruhusa kwa maandishi. Panga la mbele hukata kidole kama msumeno, kwa hiyo betri ifungwe mwisho na ifunguliwe kwanza.

TUFANYE PAMOJA

Sisi watano hatukuacha. Tulianza upya kwa rimoti moja, programu ya bure kwenye kompyuta ya ofisi ya tawi baada ya saa za kazi, na ndege ya povu ya mabawa ya mita 1.2 ambayo sasa ina gundi nyingi kuliko povu. Kila mmoja hutoa fungu dogo kila mwezi, nalo huandikwa daftarini. Rimoti mbili zinaweza kuunganishwa ili anayejua ashike moja na anayejifunza ashike nyingine, na mambo yakiharibika mwalimu anarudisha ndege kwake kwa kidole kimoja. Kwa njia hiyo gharama ya mtu mmoja inagawanyika kwa watano, na mafunzo yanazidishwa kwa watano.

Hatujapata kitanzi kilicho duara kamili. Mwamuzi wa kweli angetukata alama nyingi. Lakini mwezi uliopita mwenzetu wa bohari, yule yule aliyeizika ndege nyekundu, aliruka chali kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, mstari ukiwa umenyooka kama uzi wa mwashi. Ndege ilipotua aliiokota, akaitazama chini ya bawa kama kuna ufa mpya, akampa mwingine zamu yake.

Ndugu wasomaji, fungeni mikono hadi hesabu ikamilike. Ulizeni, pimeni, kisha nunueni kidogo kwa pamoja.